Mboga yako ilikulia udongo gani?

Mama anayenunua fungu la mchicha sokoni huuliza mambo mawili: bei, na kama mboga ni ya leo. Akifika nyumbani huiosha vizuri, na hapo huona kazi yake imekwisha. Ni wachache wanaojiuliza mboga hiyo ilikulia udongo wa aina gani, ilhali afya ya familia yake huanzia huko.

Golbanti, kijiji kilicho karibu na Mto Tana katika eneo la Garsen, kinaweza kutufunza mengi. Kwa vizazi vingi wakulima wa sehemu hizo, hasa Wapokomo, hawakuwa na haja ya kununua mbolea. Mto ndio uliowaletea. Mvua iliponyesha katika Mlima Kenya na safu za Aberdare, Tana ulifurika mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Mei na tena Novemba, ukaacha tope laini mashambani. Maji yalipopungua, watu walipanda mpunga, mahindi, kunde na ndizi.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mabwawa yalijengwa huko juu, Kindaruma likamalizika mwaka wa 1968, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Sehemu ya tope sasa hutuama nyuma ya kuta hizo, na yale mafuriko ya wastani yamepungua. (Sisi wa mjini tusiwe wepesi wa kulaumu, kwani taa zetu huwaka kwa umeme wa huko huko.) Mafuriko makubwa bado huja, kama yale ya 1997 na 1998, 2018 na 2024, lakini hayo huzoa mimea na kuchanganya uchafu wa vyoo na maji ya visima. Nao mto ukikauka sana, maji ya bahari hupanda na kuacha chumvi ardhini.

Udongo unaovunwa kila msimu bila kurudishiwa kitu huchoka. Ule wa mfinyanzi, ulio mwingi huko Tana, hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kwenye jembe wakati wa mvua. Mazao hupungua kwanza, na mtoto hupata mboga kidogo kwenye sahani yake. Kisha kuna madini. Mmea hutengeneza vitamini wenyewe, lakini zinki hauwezi kuitengeneza. Ni lazima uitoe ardhini. Mtoto anayekosa zinki hudumaa na huugua kuhara mara kwa mara.

Dawa yake ni mboji, nayo inafaa Golbanti sawa na katika ua wako wa Mombasa au Nairobi. Kusanya maganda ya ndizi na ya viazi, mabaki ya sukuma wiki, majani makavu na samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku. Panga kwa tabaka, kavu juu ya mbichi, nyunyiza maji hadi rundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, kisha lifunike. Usitie nyama wala mafuta, utaita panya. Baada ya siku chache rundo litapata joto. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu, kwa hiyo ligeuze kila wiki ili yaliyo pembeni yaingie katikati. Likiwa jeusi, lisilonuka na limepoa, baada ya miezi mitatu hivi, liko tayari.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hutwaa samadi mbichi na kuimwaga moja kwa moja kwenye mboga za majani, na vijidudu vya kuhara hufika mezani pamoja na kachumbari. Kinyesi cha binadamu ni hatari zaidi, kwa sababu mayai ya minyoo huweza kuishi udongoni kwa miaka. Kisiguse kabisa bustani ya nyumbani.

Panda kunde kati ya misimu ya mchicha. Mizizi yake huongeza naitrojeni ardhini, na majani yake ni mboga. Funika udongo kwa nyasi kavu, jua lisiuchome. Bustani iwe mbali na gereji na barabara kubwa. Vaa viatu unapolima, na ukijichoma kwa jembe au msumari, osha jeraha kwa sabuni na maji, kisha uende kliniki ukaulize kuhusu chanjo ya pepopunda siku hiyo hiyo.