Stelingi laini si dalili ya gari zima

MNUNUZI wa gari lililotumika akifika yadi, iwe Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingi jambo la kwanza analofanya baada ya kuketi ni kuwasha injini na kuzungusha usukani. Ukizunguka kwa kidole kimoja, uso wake hung'aa. Ukimkazia mkono, hushuka na kwenda kutazama gari la pili.

Kwa anayetafuta gari la kumpeleka ofisini na kumrudisha, kipimo hicho hakina madhara makubwa. Lakini kwa mkulima au mfanyabiashara anayetaka gari la kubeba viazi, kabichi au matenga ya nyanya, kinaweza kumla mtaji. Wapo wanaoikataa pikapu nzima kabisa kwa sababu tu stelingi yake ni nzito kuliko ya Vitz ya jirani. Wapo pia wanaochukua gari kwa kuvutiwa na wepesi wa usukani, kumbe wepesi huo umetokana na matairi ya mbele kujazwa upepo kupita kiasi.

Hakuna uzito mmoja wa stelingi unaofaa magari yote. Kila gari limeundwa lishikike kwa namna yake, na anayenunua anatakiwa kujua namna hiyo kwanza, ndipo aulize kama gari lililo mbele yake bado liko hivyo.

Land Rover za zamani, Peugeot 504 nyingi na matrekta madogo kama Massey Ferguson 135 mengi yaliyoingia Afrika Mashariki, hayakuwa na pawa stelingi. Dereva alisukuma magurudumu kwa nguvu za mabega yake. Ili asishindwe, wahandisi walimpa usukani mpana na kumlazimu auzungushe mara nyingi zaidi kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Gari likisimama, kugeuza ni kazi ya jasho. Likianza kutembea, hata polepole tu, uzito hupungua sana. Madereva wa matrekta hayo hujua pia kuwa vidole gumba haviwekwi ndani ya usukani, kwani gurudumu la mbele likigonga jiwe au kisiki usukani hujizungusha ghafla na unaweza kuvunja kidole.

Aliyeanza kutafuta dawa ya tatizo hilo ni mhandisi wa Marekani, Francis Davis, aliyekuwa akifanya kazi na malori ya kampuni ya Pierce-Arrow na kuona jinsi madereva walivyoteseka. Mwaka 1926 alionyesha gari lenye stelingi inayosaidiwa na nguvu ya mafuta. Hata hivyo, ilipita robo karne kabla ya kampuni ya Chrysler kuiuza katika gari la kawaida la abiria, mwaka 1951. Mfumo huo ndio uliomo hadi leo katika Canter, Land Cruiser pikapu, Hilux Vigo na Corolla 110.

Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta kwenye stelingi boksi au raki. Ndani yake mna ufito mwembamba wa chuma unaojipinda kidogo dereva anapogeuza. Kadiri unavyojipinda ndivyo valvu inavyofunguka na kupeleka mafuta upande unaotakiwa. Nguvu iliyomo si ya mchezo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 na kitu, lakini mafuta ya stelingi yanapobanwa huweza kupita psi 1,000. Ndiyo maana mpira uliochakaa, ambao kwa macho unaonekana mzima, hupasuka siku dereva anapohangaika kugeuza lori lililopakia sokoni.

Mfumo wa pili ni wa umeme. Suzuki waliuweka katika gari dogo la Cervo mwaka 1988, na baadaye ukaenea katika magari madogo ya Japani, zikiwemo Vitz na Probox ambazo barabara za Afrika Mashariki zimejaa. Hapa hakuna pampu, mkanda wala mafuta ya stelingi. Kuna mota ya umeme, ambayo katika magari madogo hufungwa kwenye mhimili wa usukani chini ya dashibodi. Ufito ule mwembamba bado upo, ila kinachoupima ni kifaa cha umeme kinachopeleka taarifa kwenye kompyuta, nayo ndiyo inayoamua mota isukume kwa kiasi gani. Gari likisimama husaidia sana, likienda kasi hupunguza.

Hapo ndipo tofauti ya mkononi inapotokea. Stelingi ya mafuta hufanya kazi muda wote injini inapozunguka, hata barabara ikiwa imenyooka, na kwa hiyo hula mafuta ya gari kidogo zaidi. Lakini dereva huzisikia kokoto, mashimo na utelezi kupitia viganja vyake. Ya umeme hula tu inapotakiwa, ila mota na kompyuta vimesimama kati ya dereva na barabara. Dereva aliyezoea Corolla 110 akipanda Probox kwa mara ya kwanza huona kama usukani haukushikana na kitu. Hiyo si hitilafu. Mwenye Vitz akipanda Canter naye hulalamika kuwa usukani unacheza katikati kabla magurudumu hayajajibu. Katika lori lenye stelingi boksi, mchezo kidogo wa namna hiyo ni wa kawaida. Ukiukuta katika gari dogo lenye raki, tafuta tairodi endi zilizokwisha.

Mambo mengine yanayobadilisha uzito hayahusiani na pawa hata kidogo. Tairi pana huongeza ugumu, upepo mdogo huongeza ugumu, bolijointi iliyokauka grisi huongeza ugumu. Kabla ya kumlaumu muuzaji au fundi, pima upepo. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa mwenye gari la mizigo, lililo muhimu kuliko yote ni namna stelingi inavyobadilika gari likipakiwa. Chukua mfano wa mboga zinazoteremshwa kutoka Lushoto hadi Mombo, takriban kilomita 33 za kona upande mmoja mlima na upande mwingine korongo. Pikapu au Probox hupakiwa magunia ya lumbesa mpaka nyuma kabisa, mengine yakining'inia nje ya mlango. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kama mtoto aliyekalia ncha ya pembea ya ubao: huku nyuma kunazama, kule mbele kunanyanyuka. Magurudumu ya mbele hubaki na uzito mdogo wa kuyakandamiza barabarani, na usukani huwa mwepesi kuliko ulivyokuwa gari likiwa tupu.

Dereva asiyejua hufurahi. Kumbe wepesi huo maana yake ni kwamba matairi yanayogeuza gari hayashiki barabara vizuri, na kwenye kona yenye changarawe au lami iliyolowa gari litaendelea mbele hata kama usukani umekatwa. Breki za mbele nazo hupoteza sehemu ya nguvu. Kuongeza spring za nyuma, kama wafanyavyo wengi, huliinua gari lisionekane limezama, lakini hakurudishi uzito mbele hata kilo moja. Katika gari lenye stelingi ya umeme dalili hii ni ngumu zaidi kuitambua, kwani mota hufanya usukani uwe mwepesi hata bila mzigo. Dawa yake ni kupanga vizito mbele karibu na kabini, vyepesi nyuma, na kuacha mengine kwa safari ya pili.

Kosa jingine la mteremkoni ni kuzima injini ili kuokoa mafuta. Injini ikizimika pampu husimama, na usukani uliokuwa ukigeuzwa kwa mkono mmoja huhitaji miwili na kifua juu. Kwa kweli huwa mgumu kuliko wa gari lisilo na pawa tangu kiwandani, kwa sababu gari la pawa halikupewa ule usukani wa mizunguko mingi. Wakati huohuo kisaidizi cha breki nacho hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Akichomoa ufunguo kabisa, kufuli ya usukani hujifunga. Kwa gari la kisasa hata hesabu yenyewe haipo: gari la injeksheni likiteremka ndani ya gia huku mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli au dizeli, na injini hulishika gari lisikimbie. Anayezima anahatarisha maisha yake kwa faida ambayo tayari anaipata bure.

Turudi yadi. Mnunuzi aanze injini ikiwa imezimwa. Kwa gari la mafuta ya stelingi, akamate usukani, aukaze kidogo upande mmoja, kisha awashe. Usukani unatakiwa ulegee mara injini inaposhika. Usipolegea, mkanda umekatika, mafuta yamekwisha au pampu imechoka. Baada ya hapo azungushe taratibu kutoka mwisho hadi mwisho gari likiwa limesimama. Mlio mdogo usukani unapofika mwisho ni wa kawaida, lakini asiushikilie hapo zaidi ya sekunde chache, kwani pampu hupata joto kali. Kelele ya kuguna muda wote huonyesha mafuta pungufu au yenye hewa. Kelele kali ya kupiga mluzi wakati wa kukata kona mara nyingi ni mkanda uliolegea, na hilo ni tatizo rahisi.

Afungue pia kifuniko cha chupa ya mafuta hayo. Magari mengi hutumia ATF, ambayo ikiwa mpya ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ujue haijabadilishwa kwa miaka. Honda wana mafuta yao na hawataki ATF. Mafuta ya breki yasiingie humo kamwe, hata kwa dharura ya njiani, maana huharibu oili sili na baada ya muda mfupi raki nzima huanza kuvuja. Chupa iliyojazwa pomoni huku chini ya gari kuna ulowevu inaeleza hadithi yake yenyewe.

Kwa gari la umeme, kipimo kiko kwenye dashibodi. Ufunguo ukifika ON kabla ya kuwasha, taa ya stelingi inatakiwa iwake, kisha izime injini ikishika. Wengi huangalia kama taa imezima na kuridhika. Taa isiyowaka kabisa ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa kuna wauzaji wanaoichomoa au kuiziba ili hitilafu isionekane. Gari likikosa taa hiyo mwanzoni, mnunuzi asitoe hata shilingi kabla fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta hajalipima.

Betri dhaifu au altaneta mbovu pia huifanya stelingi ya umeme iwe nzito, hivyo si kila uzito unamaanisha mota imekufa. Hali kadhalika, dereva akikatakata usukani kwa muda mrefu mahali pamoja, kama inavyotokea gulioni, mota hupata moto na kompyuta hupunguza msaada ili isiungue. Ikipoa, wepesi hurudi. Fundi asiyelijua hilo anaweza kumuuzia mteja mota asiyoihitaji.

Wafanyabiashara wanaochomelea keria au vyuma vya kuongeza bodi wana jambo la kuzingatia. Kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa, waya za betri zifunguliwe, kwani umeme wa kuchomelea unaweza kupita kwenye mwili wa gari na kuua kompyuta, ya stelingi ikiwemo. Kugeuza nyaya za betri wakati wa kubusti huleta hasara hiyohiyo.

Na mota au kompyuta ikifa kweli, kipuri kilichotumika kinapatikana, lakini namba yake ilingane na ya kilichotoka, kwani magari mawili ya jina moja na umbo moja huweza kuwa na kompyuta tofauti. Baada ya kufungwa, kwenye magari mengi kifaa kinachopima ufito ule mwembamba hutakiwa kusetiwa upya kwa mashine, usukani ukiwa katikati na mikono ikiwa nje yake. Gari likirukwa hatua hiyo, usukani unaweza kuvuta upande mmoja wenyewe, na mwenye gari ataenda kulipia alaimenti mara tatu bila kuona nafuu.