Jirani Kabla ya Nyumba: Vijana wa Pwani katika Mabweni ya Thika na Ruiru

Waarabu wana msemo ambao wazee wetu wa Pwani waliutia katika lugha yetu tangu zamani: tazama jirani kabla ya nyumba, na mwenzi kabla ya safari. Msemo huu hutajwa sana watu wanapotafuta kiwanja au wanapokwenda kuposa. Ni nadra kutajwa pale mzazi wa Mombasa, Lamu au Kwale anapopata habari kwamba mwanawe ameitwa katika chuo kikuu kilichoko Bara. Siku hiyo watu hupongezana, halua hupakuliwa, na swali la kwanza huwa ni la karo. La pili huwa ni la sanduku na blanketi. Lile la tatu, ambalo lingefaa kutangulia, aghalabu huachwa mpaka basi limekwisha kuondoka: kijana huyu atalala wapi, na atalala na nani?

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, ile iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, utakutana na vyuo kimoja baada ya kingine. Kwanza ni Kahawa, kilipo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mbele kidogo ni Ruiru, mji uliokuwa umezungukwa na mashamba ya kahawa na ambao sasa umejaa magorofa ya kupangisha; hapo pana Chuo Kikuu cha Zetech na tawi la Kenyatta. Halafu waingia Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwisho wa safari ni Thika yenyewe, mji wa viwanda na mananasi, uliopata Chuo Kikuu cha Mount Kenya na kile cha Gretsa. Kutoka Kahawa hadi Thika hakutimii kilomita 30, na katika mwendo huo mfupi maelfu kwa maelfu ya vijana hulala kila usiku mbali na kwao.

Wala Thika si mji mgeni kwa Waislamu wa nchi hii. Hapo ndipo palipokuwa na chuo cha sharia na masomo ya Kiislamu ambacho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Umma, kilichoko Kajiado hivi leo. Hata hivyo, wengi katika vijana wetu waendao huko hawaendi kusoma sharia. Huenda kusoma ualimu, uuguzi, uhandisi na biashara, nao hukaa katika mabweni ya watu wa kila dini na kila kabila.

KAMBI ILIYOGEUKA CHUO

Mabweni ya njia hii yana historia yake. Chuo cha Kenyatta kilianza ndani ya kambi ya askari wa Kiingereza iliyoitwa Templer. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi kambi ile kwa serikali ya Kenya, majengo ya askari yakawa ya wanafunzi, na mwaka 1985 chuo kile kikawa chuo kikuu kamili. Kile cha Juja kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1981, kwa msaada wa Wajapani, nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994.

Waliosoma siku hizo, ama hapa Kenya ama Makerere huko Uganda kabla yake, husimulia mambo ambayo kijana wa leo huyaona kama hadithi. Mwanafunzi alikuwa mfano wa mgeni wa serikali. Alipewa kitanda, alikula bwaloni bila ya kutoa senti mkononi, na juu ya hayo alitiwa posho mfukoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yakageuka. Serikali ilianza kuwataka wanafunzi wachangie gharama, na chakula kikawa cha kununua sahani kwa sahani. Wakati huohuo, mwaka 1990, ndipo walipoingia wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4, na idadi ikafura. Kuanzia mwaka 1998 vyuo vya serikali vikaanza kuchukua pia wanafunzi wa kujilipia. Watu waliongezeka, vitanda havikuongezeka kwa kadiri ileile.

Hii ndiyo sababu kitanda cha ndani ya chuo kimekuwa kitu cha kugombewa. Aghalabu wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutangulizwa, na wakongwe huachwa wajitafutie. Anayekosa chumba akalala kitanda kimoja na mwenziwe huitwa na wanafunzi "pairati", maana yake haramia. Kwetu Pwani haramia twamjua kuwa ni mwizi wa baharini. Huko ni mwana wa watu tu, aliyekosa pa kuweka ubavu.

MABWENI YA NAMNA TATU

Mzazi na aelewe kwamba mabweni haya ni ya namna tatu, na kila moja lina adabu zake.

La kwanza ni bweni la chuo chenyewe. Wasichana wana majengo yao na wavulana wana yao, mlinzi yuko mlangoni, maktaba iko karibu, na bei ni nafuu kuliko kwingine kote. Uzito wake ni kwamba chumba ni cha watu kadhaa, vitanda vimepandana, na mwenyewe huchagui utakayelala naye. Kupika chumbani mara nyingi kumekatazwa kwa kuhofia moto, na koili ya umeme ikionekana huchukuliwa. Mwanafunzi hula kantini au katika vibanda vya nje.

La pili ni hosteli ya mtu binafsi, iliyojengwa nje ya lango la chuo. Hizi zimechipuka Kahawa, Juja na Thika kama uyoga baada ya mvua. Nyingine ni safi, zina maji, intaneti na mlinzi, na zimetengwa kwa wasichana peke yao. Nyingine ni hosteli kwa jina tu: ngazi moja, wavulana na wasichana mlango kwa mlango, muziki mpaka usiku wa manane.

La tatu ni chumba cha kupanga katika nyumba ya kawaida, mitaa kama Makongeni ya Thika au mitaa ya Ruiru, ambako mwanafunzi huishi na wafanyakazi wa viwandani, makarani na watu wenye watoto wao. Hapa kijana ana mlango wake, jiko lake la gesi na ufunguo wake. Ana pia kodi ya kila mwezi, amana ya kutangulia, umeme wa kununua na maji ambayo siku nyingine hayatoki. Kodi ya mwezi mmoja au miwili ya chumba kama hicho huweza kufikia, au hata kupita, malipo ya kitanda cha chuoni kwa muhula mzima. Na zaidi ya yote, hana mtu wa kumuuliza umerudi saa ngapi. Kwa kijana aliyelelewa vizuri, huo ni uhuru wa kusoma. Kwa aliyekuwa akingojea tu kuondokewa na macho ya babaye, ndio mlango wa balaa.

SALA, CHAKULA NA BARIDI

Jambo la kwanza linalompiga kijana wa Pwani ni baridi. Thika iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na katika miezi ya Juni na Julai asubuhi zake huuma. Kutawadha alfajiri kwa maji ya bomba mwezi wa Julai ni mtihani ambao hauandikwi katika ratiba ya chuo.

Lakini baridi ina blanketi. Mambo mazito ni mengine. Katika chumba cha watu wanne, yule anayeamka alfajiri kuswali huwaamsha wenziwe watatu, asipokuwa mwangalifu. Mmoja hutaka taa, mwingine hutaka giza. Mmoja huweka nyimbo za injili, mwingine husikiliza Kurani. Sufuria ni moja, na huenda jana ilipikiwa kisichotuhusu. Hakuna katika hayo linaloshindikana kwa mazungumzo, ila ni lazima mtu azungumze, tena mapema, kwa upole, kabla ya kununa. Wengi waliodumu wanasema siri yao ni ndogo: kutenga sufuria na sahani zao tangu siku ya kwanza, kueleza sababu bila ya kumtukana mtu, na kumkaribisha mwenzi wa chumba aonje mahamri yaliyotoka nyumbani.

Ramadhani ndiyo kipimo. Kantini haifunguliwi saa ya daku, na mhadhara wa jioni hauangalii jua limezama au la. Hapo ndipo jumuiya za wanafunzi Waislamu zinapoonyesha faida yake. Vyuo vikubwa vya njia hii vina jumuiya hizo, na vijana huchangishana wakafuturu pamoja. Mwanafunzi aliyejiunga nao mapema hapati taabu. Aliyejitenga, akadhani dini ni jambo la likizo, hujikuta akifungua saumu peke yake kwa soda na mkate wa duka, na baada ya siku chache hata hiyo saumu yenyewe humponyoka.

Kwa mabinti kuna mzigo wa ziada. Wazazi wengine huogopa kiasi cha kumkatalia msichana nafasi aliyoitolea jasho miaka 12. Hofu yao haikuzuka hewani, lakini kumfungia mtoto elimu ni dhulma nayo, na kutafuta elimu ni faradhi ya Muislamu, mume kwa mke. Njia iliyo sawa ni kumtafutia bweni la wasichana lenye mlinzi na lililo karibu na madarasa, ili asitembee gizani. Ikiwezekana akae na binti mwenziwe anayejulikana kwao, maana wawili watokao mtaa mmoja huchungana bila ya kuambiwa.

KIVULI CHA GARISSA

Barabara iendayo Garissa huanzia Thika. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye bunduki waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakawavamia wanafunzi mabwenini mwao, na kuwatenga Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Waliuawa mahali ambapo kila mzazi hudhani mwanawe yuko salama: kitandani mwake.

Msiba ule uliingia katika kila bweni la nchi hii. Msichana aliyevaa hijabu na mvulana mwenye ndevu walijikuta wakitazamwa kwa jicho jingine. Inatupasa tuseme wazi kwamba hofu ya wale waliofiwa ni ya haki, na kwamba waliofanya uovu ule hawakutumwa na dini yetu. Lakini maneno hayo yakisemwa na sheikh mimbarini hayana nguvu kama yanaposadikishwa chumbani na kijana wa Kiislamu anayemuuguza mwenziwe Mkristo aliyeshikwa na malaria, au anayemwachia ufunguo na simu yake bila ya wasiwasi. Bweni likigawanyika makundi mawili yasiyosemezana, wauaji wale watakuwa wamepata walichokitaka.

MKOPO NA RIBA

Limebaki suala la fedha, ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona. Tangu mwaka 1995 Kenya ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na vijana wengi hulipa kodi ya chumba kwa fedha hizo. Mkopo huo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ziko familia za Pwani zinazoukataa kwa ajili hiyo, na ziko zinazouchukua kwa hoja ya dharura. Kuhukumu ni kazi ya masheikh, wala ukurasa huu haupimi fatwa. Lakini ikiwa twamwambia kijana asiiguse riba, basi na sisi tuulize tumemwekea nini badala yake. Misikiti yetu ina wakfu wa nyumba na maduka, na matajiri wetu hutoa zaka kila mwaka. Mwanafunzi aliyekosa kodi akafukuzwa chumbani Juja usiku ana haki ya kukumbukwa kama alivyo na haki mpita njia.

Basi mzazi, kabla ya kukata tikiti, fanya haya machache. Ulizia mapema kama chuo kina kitanda. Kama hakina, usimwachie dalali wa kwenye simu akuchagulie: nenda mwenyewe, au mtume jamaa aliyeko Nairobi, akaone ngazi, choo na mlango wa nje, tena aende usiku, maana mchana kila hosteli ni tulivu. Usitoe amana kwa mtu usiyemjua kabla ya kuuona ufunguo. Mtake kijana akujulishe na mwenzi wake wa chumba, hata kwa simu, ujue jina lake na kwao. Tafuta namba ya kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu. Na blanketi usilisahau, liwe zito.