Kijiko cha Trekta si Lifti

Mwaka 1944, Mmarekani Jay Eitel alishinda siku nzima akipanda na kushuka ngazi kuchuma cheri. Kero hiyo ilimfanya abuni mkono wa mashine wenye kikapu cha kumpandisha mtu hadi matawini, na mwaka 1953 akaanzisha kampuni yake, Telsta, huko California. Mashine za ukoo huo ndizo leo zinazowapandisha mafundi wa umeme kwenye nguzo. Lakini bei yake haishikiki kwa mkulima wa kawaida. Basi mwenye trekta yenye kijiko cha mbele anaitazama ile mikono miwili ya chuma, anamwita fundi wa kuchomelea, na jioni kizimba cha mabomba kiko tayari: cha kupogolea miembe, kupaka rangi ghala, kubadilisha taa.

Hesabu yake haina kasoro ya wazi. Kijiko cha trekta ya kiasi hunyanyua mamia ya kilo za udongo. Mtu na msumeno wake hawafiki 120. Nguvu ipo, tena ya kuzidi. Ila mashine ya kubeba mchanga na ya kubeba watu hazitofautiani kwa nguvu. Zinatofautiana siku kitu kimoja kinapokatika. Mchanga ukianguka, unazolewa upya.

Mikono ya kijiko inashikiliwa juu na oili iliyofungiwa ndani ya silinda kwa mgandamizo unaoweza kupita baa 150. Oili hiyo hufika huko kwa mipira inayopigwa jua na kusuguana na vyuma miaka nenda rudi. Mmoja ukipasuka, oili inaruka nje na mikono inashuka. Kitu kinachoanguka huru kutoka mita 3 hufika chini kabla ya sekunde moja kuisha, kikienda kama kilomita 28 kwa saa. Kijiko kitachelewa kidogo kwa sababu oili lazima itoke kwanza, lakini aliye juu hatapata nafasi ya kufanya lolote. Lifti za watu zina vali ya kuzuia iliyofungwa kwenye silinda yenyewe. Mpira ukipasuka, vali inajifunga na kikapu kinabaki juu. Vijiko vingi vya shambani havina. Kuiweka vali hiyo upande wa pili wa mpira, karibu na trekta, ni kupoteza fedha.

Halafu kuna liva. Kwenye trekta nyingi, ukiisukuma mbele hadi mwisho inanasa, na oili inaachwa ipite huru ili kijiko kilale chini na kufuata mabonde ya ardhi. Ni msaada mkubwa wakati wa kusawazisha barabara. Mtu akiwa juu, kiwiko cha dereva kikiteleza tu, kijiko kinashuka naye.

Hata hivyo, kinachonitisha zaidi ni uthabiti. Ekseli ya mbele ya trekta haikukazwa. Imeshikwa na pini moja katikati ili magurudumu yapande na kushuka kufuata ardhi. Kwa hiyo trekta, pamoja na magurudumu yake manne, husimama kama kigoda cha miguu mitatu: matairi mawili ya nyuma na pini ile. Mguu huo mmoja uko mbele, upande uleule kilikoning'inia kizimba. Sasa chukua trekta yenye mita 1.5 kati ya matairi ya nyuma. Tairi moja likizama kwenye shimo la sentimita 15, trekta inalala kwa takriban nyuzi 6, na kizimba kilicho mita 4 juu kinahama pembeni sentimita 40. Na aliyemo, kwa kawaida, anaegemea upande huohuo kulifikia tawi.

Sheria za Ulaya zimeiona hatari ya kunyanyua watu. Maelekezo ya mashine ya mwaka 2006 yanataka, kwa kawaida, kiwango cha akiba ya uimara kiongezwe mara mbili pale mashine inaponyanyua watu. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1998, inataka vifaa hivyo vikaguliwe kikamilifu angalau kila miezi 6.

Atakayelazimika kupanda, vali iwe kwenye silinda, pini za kizimba zifungwe kwa kufuli, uzito wa kutosha uwekwe nyuma ya trekta, na ardhi iwe tambarare na ngumu. Dereva asibanduke kitini, wala trekta isisogee mtu akiwa juu. Mkanda wa mwili mzima ufungwe kwenye kizimba, kamwe si kwenye mti. Karibu na nyaya za umeme kazi hiyo haifanyiki kabisa: umeme wa kilovolti 33 huweza kuruka hewani kabla chuma hakijaugusa waya.

Mimi nisingepanda. Embe la juu lina kingoe, na paa la ghala lina jukwaa la kukodi. Kizimba ulichokwisha kutengeneza, kipandishie mabati na misumari.