Mtoki na Protini Inayoamuru Seli Zizaliane

Ukichomwa na mwiba mguuni na kidonda kikatunga usaha, baada ya siku mbili tatu kinena huvimba: mtoki. Wengi hudhani ni usaha umepanda. Kumbe sehemu kubwa ya uvimbe ule ni seli zako mwenyewe za kinga zilizojazana kwenye tezi, na chache zilizomtambua mdudu wa maradhi zinagawanyika mbili, nne, nane, mpaka kufikia maelfu.

Kwa upande wa seli T, mojawapo ya seli hizo za kinga, amri ya kugawanyika hutolewa hasa na protini ndogo iitwayo interlukini-2. Iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1976 Doris Morgan, Francis Ruscetti na Robert Gallo, watafiti wa saratani nchini Marekani, walikuwa wakijaribu kukuza seli za uboho maabarani. Walizilisha kimiminika kilichotoka kwa seli nyeupe zilizochokozwa kwa protini ya maharage. Seli walizozitaka hazikutawala. Zilistawi seli T, tena kwa miezi, wakati kwa kawaida zilikuwa zikifa upesi nje ya mwili. Mbinu hiyo ya kuzikuza ndiyo iliyowasaidia watafiti wa Paris kuvinasa virusi vya UKIMWI mwaka 1983.

Interlukini-2 haihitaji kufika kwenye kiini cha seli. Hunata kwenye kipokezi kilicho juu ya utando. Seli T iliyotulia haiishiki vizuri, kwa kuwa kipokezi chake kimepungukiwa kipande kiitwacho alfa. Ikishamtambua adui hukitengeneza kipande hicho, na hapo hata kiasi kidogo sana hunaswa. Kisha, upande wa ndani wa kipokezi, vimeng'enya JAK1 na JAK3 huipachika fosfeti protini STAT5, nayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za ukuaji. Saiklini, protini za kusukuma mgawanyiko, huongezeka, protini za kuzuia mgawanyiko hupungua, na seli huanza kunakili DNA yake. Tangazo ni la wote, wenye alfa ndio wanaolisikia.

Madaktari walitamani kulipaza tangazo hilo. Mmoja wao, Steven Rosenberg, aliwapa wagonjwa wa saratani dozi kubwa za interlukini-2 miaka ya 1980, na mwaka 1992 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa saratani ya figo. Wachache walipona kabisa. Wengi waliteseka, mishipa ikivuja maji na presha ikishuka.

Kisha likaja jambo la kushangaza. Panya waliozaliwa bila interlukini-2 hawakuwa na kinga dhaifu tu: kinga yao iliwageuka na kushambulia miili yao. Mtafiti wa Kijapani Shimon Sakaguchi alikuwa na jibu mwaka 1995, na kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Zipo seli T ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine, nazo hubeba alfa kwa wingi wakati wote. Bila interlukini-2 hazidumu. Ndiyo maana sasa wagonjwa wa lupasi, maradhi ya kinga kushambulia mwili, wamejaribiwa dawa ileile kwa dozi ndogo mno, ili seli hizo za kutuliza ziinase kabla haijawafikia washambuliaji.