Mwenye sugu ni bakteria, si mwili

KATIKA duka moja la dawa mjini Kericho, nilimsikia mama mmoja mchuma chai akimwambia muuzaji: "Daktari, hizi za wiki jana hazinisaidii. Mwili wangu umeshakuwa sugu. Nipe kali zaidi." Muuzaji akaitikia: "Ni kweli mama, mwili huzoea."

Kauli hiyo tunaisikia kila mahali. Je, ni sahihi?

Tuanze na neno lenyewe. Sugu kama nomino ni sehemu ya ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, mathalani kwenye vidole vya aliyechuma chai miaka mingi. Kama kivumishi, hueleza kitu kisichobadilika kwa urahisi: mhalifu sugu, tatizo sugu. Katika matibabu ya viuavijasumu, yaani antibiotiki, ni nani hasa mwenye sugu?

Ni bakteria. Chukua Salmonella, jamii inayosababisha homa ya matumbo. Mwili hujikinga kwa peptidi, ambazo ni vipande vifupi vya protini. Mojawapo, LL-37, ina asidi amino 37 tu. Peptidi hizi zina chaji chanya, ilhali utando wa nje wa bakteria una chaji hasi. Basi hunata hapo na kuutoboa.

Lakini bakteria naye ana bawabu. Protini iitwayo PhoQ imepenya utando wake wa ndani, kichwa kikitazama nje na mkia ukiwa ndani. Kichwa hicho kina sehemu yenye chaji hasi ambayo kwa kawaida hushikwa na magnesiamu. Peptidi ikija, huing'oa magnesiamu na kukaa mahali pake. Hapo PhoQ hubadili umbo na kuipa fosfeti protini nyingine, PhoP. Hii ina sehemu mbili: moja hupokea fosfeti, ya pili hushika DNA na kuwasha jeni za kujikinga. Matokeo yake, utando wa nje hupachikwa molekuli zenye chaji chanya, na peptidi hazinati tena vizuri. Hiyo ndiyo sugu ya bakteria. Kinga iyo hiyo huweza kuikinza kolistini, dawa ambayo nayo ni peptidi na ambayo madaktari huiweka kama akiba ya mwisho.

Kumbe mwili ndio unaokinzwa, sio unaokinza! Kosa hili si la sarufi tu. Anayeamini kuwa "mwili wangu haujazoea dawa" atameza masalio ya jirani bila wasiwasi. Ilhali hata mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja kiuavijasumu aweza kuambukizwa bakteria sugu.

Vilevile, tusichanganye bakteria sugu na ugonjwa sugu. Kisukari ni ugonjwa sugu kwa sababu hudumu, wala hakiletwi na bakteria sugu.

Sivyo: Mwili wangu umekuwa sugu kwa dawa.

Ndivyo: Bakteria walio mwilini mwangu wamekuwa sugu kwa dawa.

Na yule mama? Huenda hata hakuwa na bakteria. Alichohitaji kwanza ni kipimo, si dawa kali zaidi.