Fangasi wanaokuja nyuma ya virusi



Mtu akisikia neno "fangasi", hufikiria mapunye kichwani mwa mtoto au muwasho kati ya vidole vya miguu. Hao wanasumbua, lakini hawaui. Mwezi huu tuzungumze juu ya fangasi wanaoua, wale wanaongoja virusi vidhoofishe mwili ndipo waingie.

Mfikirie mkulima wa Ileje ambaye uzio wa shamba lake umeanguka. Mbuzi walikuwapo siku zote. Leo wamepata njia. Ndivyo ilivyo kwa fangasi aitwaye kriptokokasi. Anaishi katika udongo, hasa penye mavi ya njiwa. Wengi wetu tunamvuta kwa pumzi, na mwenye kinga nzuri hata hajui. Lakini kama virusi vya UKIMWI (VVU) vimeangusha kinga, fangasi huyu hutoka mapafuni, huingia katika damu na kufika kwenye utando wa ubongo. Hiyo ndiyo homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Haiambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo msimtenge mgonjwa.

Nani yuko katika hatari zaidi?

1. Mwenye VVU asiyejua hali yake, akachelewa kupima. Askari wa mwili waitwao CD4 wakishuka chini ya 200, hatari imeanza. Chini ya 100 ni kubwa sana.

2. Aliyeacha dawa. Huyu anaweza kuwa dereva aliyekwama na lori Tunduma dawa zikamwishia, au mama aliyeona amenenepa akadhani amepona. Dawa hizi hutolewa bure nchini tangu 2004, lakini ukiziacha, virusi huamka.

3. Anayemeza dawa za steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni, kwa muda mrefu bila kuandikiwa na daktari. Dawa hizi zina kazi yake, lakini hushusha kinga.

4. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Mwaka 2021 huko India, watu zaidi ya 40,000 walishikwa na fangasi wa aina nyingine, waliokuja kuitwa "fangasi weusi", wanaoharibu pua na macho. Wengi walikuwa wameugua Korona, na wengi wao walikuwa na kisukari au walikuwa wametumia steroidi.

Ugonjwa huu huanzaje?

Kwa kawaida huanza polepole, na hapo ndipo tunapodanganyika. Kichwa kinauma. Mtu ananunua Panadol. Kisha anameza dawa ya malaria bila kupimwa. Wiki ya pili kichwa bado kinauma, anatapika, na jirani anasema karogwa. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuropoka au kupata degedege, ndipo ndugu wanatafuta gari la kumteremsha kutoka mlimani hadi Itumba. Hapo fangasi wamekwisha kujaa, na kuokoa maisha ni kazi ngumu.

Sindano ya mgongo

Wengi hukataa kipimo cha maji ya mgongo, wakisema kinapoozesha. Sindano ile huchomwa chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Tena si kipimo tu. Ugonjwa huu huongeza msukumo wa maji kichwani, na daktari akiyapunguza, mgonjwa wengi hupata nafuu ya maumivu na macho yake huokolewa. Ndugu mnaokaa kitandani pa mgonjwa, msikatae kwa niaba yake kwa sababu ya hofu.

Ugonjwa unatibika kwa dawa za kuua fangasi, nyingine za mshipa, nyingine vidonge. Usiombe deksamethasoni ili kutuliza kichwa: utafiti uliofanyika nchi kadhaa, zikiwamo Malawi na Uganda, ulionyesha mwaka 2016 kwamba dawa hiyo huwadhuru wagonjwa hawa.

Ufanye nini?

Pima VVU mapema. Ukikutwa navyo, uliza juu ya CD4 zako. Zikiwa chini, omba upimwe damu kutafuta fangasi huyu. Kipimo hiki kinaweza kumwona kabla kichwa hakijaanza kuuma, na vidonge vya flukonazoli vikamzuia.

Kama kichwa kinakuuma, mwambie mganga kabla hujaanza dawa za VVU. Usione haya. Mwenye fangasi ubongoni hutibiwa fangasi kwanza, na dawa za VVU husubiri wiki chache. Akizianza siku hiyo hiyo, anaweza kuzidiwa.

Na sisi majirani tuna sehemu yetu. Katika utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliotangazwa mwaka 2015, wagonjwa 1,999 waliokuwa na CD4 chini ya 200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipimwa fangasi huyu na kutembelewa nyumbani kila wiki kwa mwezi wa kwanza na watu wa kawaida waliofundishwa, si madaktari. Vifo katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 28.

Basi, kama kuna jirani ambaye kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa, usimpelekee Panadol nyingine. Mshike mkono, mwende naye hospitali leo.