Majuma ya Kwanza Ugenini

Wengi wenu mna watoto wanaotamani kwenda ng'ambo, na wengine mmekwisha kuwaaga. Nami nalikuwa mmoja wa vijana hao. Naliondoka Moshi kwenda Ujerumani, katika mji wa Tübingen, kufanya kazi ya kujitolea mwaka mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee. Leo nataka kuwasimulia majuma sita ya kwanza tu. Maana katika hayo nalikaribia kuondolewa katika nyumba iliyonipokea, kwa kosa nisilolijua; na kosa lenyewe lilikuwa ni adabu niliyofundishwa na mama yangu.

Kwanza nieleze jinsi safari hizi zilivyo. Mwaka 2008 Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, wa kupeleka vijana wake kujitolea katika nchi kama zetu. Tangu mwaka 2013 njia hiyo imefunguliwa pande zote mbili, hata vijana wa kwetu nao huenda kwao. Tena miji ya Moshi na Tübingen ilifungamana udugu mwaka 2014. Vijana wengine hupangiwa chumba chao peke yao, na wengine huwekwa kwa watu, wakala mezani pao kama watoto wa nyumbani. Mimi naliwekwa kwa watu: baba, mama, na watoto wawili.

Jioni ya kwanza

Nalifika katikati ya mwezi wa Septemba. Ilikuwa saa moja ya jioni, wakati ambapo kwetu giza limekwisha kuingia, lakini huko jua lilikuwa halijatua. Mezani paliwekwa mkate, jibini, nyama baridi iliyokatwa nyembamba, na matango ya siki. Nikakaa nikingoja chakula. Hata nilipoona wote wanakula ule mkate, nikafahamu kwamba ndicho chakula chenyewe. Maana huko nyumba nyingi zina desturi ya kula chakula cha moto mchana, na jioni mkate.

Nikala kipande kimoja. Mama wa nyumba akaniuliza, "Utaongeza?" Nikamjibu, "Hapana, ahsante," kama ajibuvyo mgeni mwenye adabu mara ya kwanza, nikingoja anisihi. Hakunisihi. Alifunika jibini, akaiondoa. Usiku ule nalilala na njaa, nikasema moyoni, "Watu hawa ni wachoyo."

Kesho yake yule mama akaniambia nimwite kwa jina lake tu. Mwanamke wa umri wa mama yangu! Ulimi wangu ulikataa. Basi nikawa simwiti kwa jina lo lote; nikiwa na haja naye, nalimwendea mpaka nikasimama mbele yake, nikangoja anitazame.

Tena, nirudipo kazini naliingia chumbani mwangu nikafunga mlango, nisije nikawasumbua. Kwani mgeni mwema hazunguki-zunguki ndani ya nyumba ya watu. Asubuhi mama alikuja akafungua madirisha wazi kabisa, na nje baridi kali. Nami nalipofunga, yeye alifungua tena. Sikujua kwamba hiyo ni desturi yao ya kuingiza hewa safi, wakati wa baridi na wakati wa joto. Nalidhani ananifukuza kwa baridi.

Nusu nane

Juma la pili nalipata aibu kubwa zaidi. Baba aliniambia kwamba mama yake mzazi anakuja kula nasi ili anione, nami nifike "nusu nane". Mnajua kwamba watu wa Ulaya huhesabu saa tangu usiku wa manane, kwa hiyo nane yao ya jioni ni saa mbili yetu. Mimi nikapiga hesabu yangu: nane na nusu, yaani saa mbili na nusu. Kumbe kwa Wajerumani nusu nane ni nusu saa kabla nane haijatimia, yaani saa moja na nusu kwetu. Nalifika saa nzima baada ya wakati. Bibi mzee alikuwa amekaa kimya, na supu imepoa. Hakuna aliyenigombeza, wala mimi sikueleza neno, kwa kuwa kwetu kijana akikosa mbele ya wazee huinamisha kichwa akanyamaza.

Juma la tatu akaja mwangalizi wetu sisi vijana. Tukaketi, akaniuliza kwa upole, "Je, wataka tukutafutie nyumba nyingine?" Nikashtuka, nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Wenyeji wako wana huzuni. Wanasema huli chakula chao. Huwaiti kwa majina. Ukitoka kazini wajifungia. Ulipochelewa mbele ya bibi mzee hukusema hata neno la kuomba radhi. Wanaona kwamba umewachukia, nao hawataki kukulazimisha kukaa."

Ndugu zangu, nalilia. Kila jambo nililolifanya kwa heshima, wao walilisoma kuwa dharau. Nami kila jambo walilolifanya wao kwa heshima, nalilisoma kuwa ubaya. Maana kwao kumwuliza mtu mara moja ni kuliamini neno lake. Kumsihi mara ya pili ni kama kumwambia hakusema kweli. Mimi nalisema hapana, wakaniamini, nikalala na njaa.

Kibao cha mlangoni

Jioni ile nalifungua mlango wa chumba, nikaenda jikoni, nikawaeleza yote kwa Kijerumani changu kibovu: habari ya kusihiwa, habari ya majina, habari ya kuinamisha kichwa. Walisikiliza mpaka mwisho. Mama akauliza, "Kwenu ungeniitaje?" Nikasema, "Ningekuita Mama." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi niite hivyo." Halafu akaleta mkate na jibini, akaniambia, "Sema kweli: una njaa?" Nikasema, "Ndiyo, tangu juma la kwanza." Wakacheka wote, nami nikala vipande vinne.

Nikawauliza, "Na mimi nifanye nini?" Baba akaninyoshea kibao kidogo kilichotundikwa mlangoni. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji wanne wenye ngazi moja, na nchi ile ya Württemberg ina desturi iitwayo Kehrwoche, yaani juma la kufagia. Kila juma mlango mmoja huwa na zamu ya kusafisha ngazi na njia ya mbele, na kibao huonyesha zamu ni ya nani. Watu huanza asili yake katika kanuni za mji wa Stuttgart za mwaka 1492, zamani za Eberhard mtawala wao, ambaye ndiye aliyeanzisha chuo kikuu cha Tübingen mwaka 1477.

Nikachukua ufagio. Sisi tumesema tangu zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nalikaa siku ishirini pasipo jembe, na nadhani ndiyo sababu nilizidi kuwa mgeni. Jumamosi ile nalifagia ngazi toka juu hata chini. Mzee mmoja wa ghorofa ya juu, aliyekuwa akinipita kimya, akasimama akanisalimu kwa salamu ya nchi ile, ambayo humtaja Mungu, akauliza natoka wapi. Juma lililofuata nalimwandikia bibi mzee barua ya kuomba radhi, nikamweleza habari ya nusu nane; naye akajibu kwa kutuma keki.

Kijiji cha Derendingen

Jumapili moja, siku ambayo huko maduka yamefungwa na watu hawapendi makelele, baba alinichukua kwa miguu mpaka Derendingen. Zamani palikuwa kijiji, sasa ni sehemu ya mji. Hapo alizaliwa Johann Ludwig Krapf, mwaka 1810. Mtu huyu alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akawazika huko mkewe na mtoto wao mchanga. Hata hivyo alikaa, akajifunza Kiswahili kwa kuwauliza wenyeji neno moja moja, akaandika kamusi iliyochapwa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Nalisimama pale nikawaza: mtu wa kijiji hiki alikuwa mgeni kwetu pwani, na watu walimvumilia alipokosea. Sasa mimi ni mgeni kwao. Deni la ugeni hulipwa kwa zamu, kama ule ufagio.

Mwisho wa Oktoba saa zilirudishwa nyuma, jua likawa linatua kama saa kumi na moja, nami naliwakumbuka sana watu wangu. Siwadanganyi, upweke haukuisha. Lakini naliukalia jikoni pamoja na watu, si nyuma ya mlango uliofungwa.

Enyi wazazi, mnapomwaga mtoto, mpeni adabu zetu, lakini mwambieni pia azieleze kwa kinywa chake, maana huko hazisomeki usoni. Nanyi mnaowapokea vijana wa Ulaya nyumbani mwenu, kijana akisema ameshiba, msimjazie sahani, amesema kweli. Akinyamaza, mwulizeni. Na siku ya tatu mpeni jembe, asije akakaa mgeni siku ishirini kama mimi.